BETRI NA MLINZI WAKE

(Hotuba iliyosomwa na fundi wa umeme wa reli mbele ya wanachama wenzake)



Mimi si mtu wa vyuo. Niliishia darasa la nane katika shule ya misheni, na mengine nimeyapata karakana na kwa kuuliza. Basi nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Rafiki yangu wa kazini kwao ni Siyu, kisiwani Pate. Tulikwenda likizo pamoja, kwa mashua kutoka Lamu hadi Mtangawanda, kisha kwa nchi kavu. Siyu ni mji wa mafundi tangu zamani: ngozi, panga, viti. Ami yake rafiki yangu ni mshona viatu vya ngozi. Alikuwa na paneli ya jua na betri ya risasi iliyokwisha kufa, naye alitaka taa ya kushonea usiku. Kwa fedha zake za akiba nikamnunulia seli nne za lithiamu, zile za fosfeti ya chuma, ampea 100 kwa saa kila moja, nikazifunga kwa mfululizo. Mlinzi sikuweka. Nilisema moyoni, betri nazijua, nimehudumia mabehewa miaka mingi.

Siku ya tatu, wakati wa adhuhuri, nilipima ncha mbili za betri nikapata volti 14.4. Nikasema, "Ami, kazi ni njema." Yeye akapitisha kiganja juu ya seli moja baada ya moja, kama apimavyo ngozi, akasema, "Hii ya mwisho ina homa, mwanangu, tena imefura."

Nikapima kila moja peke yake. Seli tatu zilikuwa na volti 3.45 kila moja. Ile ya mwisho ilikuwa na 4.05, na mwisho wake ni 3.65. Jumla ilikuwa sawa kabisa, na mmoja alikuwa anakufa ndani ya jumla hiyo.

Kwa nini? Seli ya risasi ni mstahimilivu. Ikijaa kabla ya wenzake hutoa povu, maji yakapungua, nasi twaongeza maji. Seli ya lithiamu imezibwa na haina njia hiyo. Tena volti zake hazisemi ukweli mpaka mwisho: tangu ikiwa na robo mpaka inakaribia kujaa hukaa kati ya 3.2 na 3.3, kisha hupanda ghafula.

Ami akaniuliza, "Basi kwa nini tusirudi kwenye risasi?" Nikamkumbusha Owino Uhuru, kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza sumu ya risasi kwa watu na watoto wao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani Mahakama ya Juu iliikubali hukumu hiyo mwaka 2024. Seli hizi, zilizotokana na kazi ya John Goodenough na wenzake huko Texas, Marekani, miaka ya 1990, hazina risasi, wala hazishiki moto upesi kama lithiamu za kobalti. Lakini zataka mlinzi. Mlinzi niliyemtengeneza baadaye ni huyu:

1. MACHO. Seli nne hutaka nyaya tano nyembamba za kupimia, moja kila kiungo, kila waya na fyuzi yake ndogo karibu na seli. Chipu husoma kila seli peke yake. Anayesoma jumla tu si mlinzi.

2. MIPAKA. Seli yo yote ikifika 3.65, kuchaji kunakatwa. Yo yote ikishuka hadi 2.8, taa zinakatwa. Kuchaji kusirudi mpaka seli ishuke hadi 3.4, na taa zisirudi mpaka ipande hadi 3.1. Bila nafasi hiyo swichi itawaka na kuzima bila kukoma.

3. MILANGO MIWILI. Swichi ni transista aina ya mosifeti, nazo ni mbili, zimepeana migongo katika waya wa hasi. Moja haitoshi, maana hata ikifungwa hupitisha umeme upande mmoja. Tena betri ikiisha sharti jua liweze kuingia kuiokoa, na ikijaa sharti taa ziweze kuwaka. Kila mlango na kazi yake.

4. KUSAWAZISHA. Kila seli ina rezista ya omu 33 na swichi ndogo. Seli ikipita 3.5 nayo imewazidi wenzake, rezista huipunguza kwa ampea 0.1 hivi. Chini ya hapo usisawazishe, kwani volti hazisemi kweli. Kazi hii ni ya polepole: tofauti ya ampea 2 kwa saa huchukua saa 20. Kwa hiyo kabla ya kufunga mfululizo, ziunganishe zote sambamba, chanya kwa chanya, uzijaze hadi 3.65. Hili ndilo nililoliacha mara ya kwanza.

5. FYUZI. Mosifeti ikiharibika mara nyingi hubaki wazi, yaani hupitisha umeme. Nyaya zikigusana betri hii yaweza kutoa maelfu ya ampea. Basi weka fyuzi kubwa kwenye ncha ya chanya, yenye uwezo wa kukata mkondo huo.

6. JOTO NA CHUMVI. Kipima joto kikae katikati ya seli, kikate kuchaji kwenye digrii 45. Hewa ya Siyu ni ya chumvi, na chumvi hujenga njia za umeme juu ya bodi. Ipake vanishi.

7. USINGIZI. Mlinzi naye hula. Akila ampea 0.01 tu, kwa mwezi ni ampea 7.2 kwa saa. Betri ikiisha na mwenyewe yuko safarini, mlinzi asiyelala ndiye atakayeiua. Akishakata taa, alale mpaka chaja imwamshe.

Seli iliyofura niliilipa mimi kwa mshahara wangu. Sasa ami ashona usiku, na kila niendapo apitisha kiganja kwanza kabla sijatoa mita yangu.

Ndugu zangu, wengi wetu twanunua betri hizi kwa mkopo, za nyumbani na za pikipiki. Kabla ya kulipa muulize muuzaji: Mlinzi yumo? Aitazama kila seli, au jumla tu? Asipojua kujibu, weka fedha yako mfukoni.

Nimekwisha. Mwenye swali na aulize.