Ameokolewa, Lakini Hajapona



Vijana wenzangu, na nyinyi wazazi mtakaosomewa maneno haya nyumbani, nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo majumbani mwetu husemwa kwa kunong'ona: kijana aliyetaka kujinyonga, akawahiwa. Kwamba kujiua ni haramu tumefundishwa tangu madrasa, na masheikh wetu walieleza vizuri kunishinda. Mimi nataka tumtazame yule ambaye bado yu hai, Alhamdulillah, na masaa yanayofuata, maana hapo ndipo wengi wetu twateleza.

Mara nyingi huwa hivi. Mlango umevunjwa, mtoto anapumua, anazungumza. Mama analia, baba anafunga mlango wa mbele majirani wasiingie. Analetewa maziwa ya moto, anaambiwa lala mwanangu. Asubuhi amefungwa mtandio shingoni, na habari inayotoka ni kuwa ameanguka bafuni. Basi, yamekwisha.

Hayajakwisha. Shingo ni mahali pembamba panapopitisha mambo makubwa: pumzi, chakula, na damu iendayo kwenye ubongo. Ikibanwa, ubongo hukosa damu na oksijeni na huweza kuumia hapo hapo. Lakini madhara mengine huja nyuma. Koo lililoumia ndani laweza kuvimba pole pole, na mtu aliyezungumza vizuri magharibi akashindwa kuvuta pumzi usiku wa manane. Mshipa wa damu waweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda pale, kisha kipande chake kikapanda kwenye ubongo. Hapo kijana mwenye nguvu zake hupigwa na kiharusi siku kadhaa baadaye, watu washasahau. Na nje usione hata alama moja!

Kwa hivyo ni hospitali, siku hiyo hiyo, hata akiapa kuwa yuko sawa. Kama hapumui, piteni ukelele, na anayejua kumfinya kifua aanze mara moja. Kama anapumua, msimpe maziwa wala maji, kwani koo lililoumia laweza kuyapeleka mapafuni. Shingo isipindwe-pindwe. Sauti ikikwaruza, akimeza kwa shida, macho yakiwa na vidoa vyekundu, akisahau yaliyompata, kichwa kikimuuma sana au upande mmoja wa mwili ukilegea, msingoje kupambazuke.

Na huko hospitali, semeni kweli. Daktari akiambiwa "ameanguka" atapapasa mikono na miguu. Akiambiwa shingo ilibanwa ndipo atakapofikiria kupiga picha ya mishipa ya shingo. Uongo wa kuficha aibu waweza kumwua mtoto ambaye kamba haikumwua. (Haya yote yamhusu pia mwanamke aliyekabwa na mumewe, ambaye huambiwa "si hana jeraha?". Naye apelekwe.)

Wengine hawaogopi aibu, waogopa polisi. Ni kweli kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho chakwenda kinyume na Katiba. Mpelekeni hospitali kama mgonjwa mwingine yeyote.

Sasa tuje kwenye moyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu 727,000 walikufa kwa kujiua, na kati ya vijana wa miaka 15 hadi 29 hicho kilikuwa chanzo cha tatu cha vifo. Aliyewahi kujaribu ndiye aliye karibu zaidi na kujaribu tena, na wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ni za hatari sana. Ndizo wiki ambazo sisi humletea mawaidha ya moto wa Jahannam, au humkokota kwa mganga atolewe jini. Ndugu yangu, mtu huyu ashajihukumu vya kutosha!

Keti naye. Muulize wazi wazi, "Je, bado wafikiria kujiua?" Watu huogopa kuwa swali hili litamtia fikra hiyo. Halimtii, wengi huona wametuliwa mzigo. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, wala usimwahidi kuwa utaifanya siri. Ondoeni chumbani na nyumbani alichotaka kutumia, na dawa zifungiwe. Usimwambie "wenzako wana shida kuliko wewe". Msikilize tu, hata akirudia jambo lile lile mara kumi, kisha mfuatane kwa daktari wa maradhi ya akili.

Mwezi huu kuna jambo moja la kuangaliwa. Kama anatumia dawa za maradhi ya akili, asiziache ghafla ati kwa sababu ya saumu. Amwulize daktari kama zaweza kunywewa wakati wa futari na daku. Na mgonjwa ameruhusiwa kula, alipe baadaye. Mkimwona haji tena kufuturu na wenzake, wala tarawehe haonekani, mmoja wenu ampelekee sahani yake, aketi ale naye.

Laini ya ushauri ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo. Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177. Ziandikeni kwenye simu zenu leo, kabla ya adhana ya magharibi.