Bei ya Gari Haijaisha Mpaka Lifike Nyumbani
(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kitui na Makueni)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo moja tu: kuleta nyumbani gari lililonunuliwa Mombasa. Vikundi vyetu vingi, baada ya miaka ya mwethya na kuweka akiba kidogo kidogo, vimefikia hatua ya kutaka gari la kubebea maembe, ndengu na mbuzi. Gari hutafutwa Mombasa kwa sababu ndiko meli zinakoshusha. Basi kwenye mkutano watu hubishana juu ya bei mpaka jua linatua. Juu ya njia, hakuna anayeuliza. Sisi tunasema: bei ya gari haijaisha mpaka lifike nyumbani.

Kikundi chetu kiliponunua lori dogo la mkono wa pili, mabishano yalikuwa makali. Dereva wetu alimwambia mweka hazina, "Mama, tukitoka Mombasa saa mbili usiku, asubuhi tuko Kitui. Hatulipi hata kitanda kimoja." Mweka hazina akamjibu, "Mwanangu, hizi ni pesa za mbuzi za watu. Hilo gari umelijua lini?" Mwingine akasema tulijaze mizigo ya wafanyabiashara ili lijilipie dizeli. Tulipiga kura. Ikaamuliwa: safari ya siku nne, mchana tu, na gari tupu. Wengine walinuna, tusiwadanganye.

Sababu ni hii. Gari la mkono wa pili ni mgeni. Hujui lilikotoka, hujui ugonjwa wake. Mombasa iko usawa wa bahari, na mji wa Kitui uko zaidi ya meta 1,000 juu. Maana yake gari linapanda karibu njia nzima, kwenye joto. Injini yenye kasoro haitajificha kwa muda mrefu. Swali ni moja tu: ikiharibika, utakuwa mahali gani?

Hata wazee wetu waliijua hesabu hii. Katika miaka ya 1840, Kivoi wa Kitui, ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1849, aliongoza misafara ya pembe za ndovu mpaka pwani, kwa miguu. Katikati kuna nyika ya Taru, isiyo na mto. Msafara ulitegemea maji ya mvua yaliyobaki kwenye mashimo ya mawe. Asiyejua kituo chake cha maji kiko wapi hakufika. Leo kuna lami, lakini radieta nayo ina kiu.

Sasa tuingie kwenye mpango wenyewe.

Kwanza, karatasi. Gari lisitembee hata hatua moja kabla ya mkataba wa kuuziana kuandikwa na bima kulipwa. Umiliki unahamishwa kwa NTSA kupitia eCitizen. Jina liwe la kikundi, si la mwenyekiti, hata akiwa mtu mwema namna gani. Mwenyekiti akifa, kikundi kitaanza kugombania gari na watoto wake. Ndiyo sababu kikundi kisajiliwe sawasawa, kama inavyotakiwa na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022.

Pili, akiba. Kwa kila shilingi mia ya bei, tulitenga shilingi kumi za safari na matengenezo. Kama kikundi kina pesa za kununua gari tu, basi bado hakina pesa za gari. Kingoje.

Tatu, siku ya kwanza msisafiri. Nendeni na makanika wenu, si wa muuzaji. Tazameni matairi, na stepni pia. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne. Ikiwa 3519, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kung'aa na huku limezeeka. Jaribuni jeki, taa, breki na mikanda ya injini. Kisha endesheni mpaka Mariakani na kurudi. Hapo mko karibu na mafundi na spea, na karibu na muuzaji, mkihitaji kumrudia. Nahodha mwenye akili akinunua boti yenye mashine haanzi kwa safari ya Lamu. Huizungusha kwanza karibu na bandari, asikilize.

Nne, vituo. Siku ya pili sisi tulitoka Mombasa saa kumi na mbili asubuhi, tukalala Voi. Siku ya tatu tulipita Mtito Andei, tukalala Kibwezi. Siku ya nne tukaacha barabara kuu tukafuata Ikutha, Mutomo na Ikanga mpaka Kitui. Njia hiyo siku hizi ina lami, lakini gereji ni chache kuliko barabara kuu. Kwa hiyo tulipatana: gari likionyesha shida yoyote kabla ya Kibwezi, halivuki mto Athi mpaka lipone. Wenzetu wa Wote wanaweza kuendelea mpaka Emali ndipo waingie ndani.

Usiku tulikataa kabisa. Kati ya Voi na Mtito Andei mnapita Tsavo, ndovu wanavuka barabara, na malori ya masafa marefu yamejaa. Tena Sheria ya Trafiki inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Dereva anayesinzia hana tofauti na gari lisilo na breki.

Tano, mafuta na maji. Jazeni tangi Mombasa, mwandike namba ya kilomita. Jazeni tena Voi, mgawe kilomita kwa lita. Tuseme mmekwenda kilomita 150 kwa lita 25: gari linakwenda kilomita 6 kwa lita. Sasa mnalijua. Wenye boti hutumia kanuni nzuri: theluthi ya mafuta ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Sisi wa barabarani tuseme hivi: tangi lisishuke chini ya nusu. Bebeni madumu mawili ya maji, lita 20 kila moja. Na jamani, radieta ikichemka, msifungue kifuniko mpaka ipoe. Watu wameungua uso.

Sita, watu. Tulikwenda watatu: dereva, makanika na mweka hazina. Pesa zilikaa kwenye simu, si kwenye soksi. Dereva ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kusimama. Mtu asimwambie "songa tu" akisema gari halisikiki vizuri. Nyumbani alikuwapo mtu mmoja mwenye orodha ya vituo: Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Ikutha, Mutomo. Tulimpigia kila kituo. Tulipatana kwamba saa mbili zikipita bila simu, aanze kuuliza.

Mtauliza, je, ilisaidia? Hebu tuwaambie. Tulipofika Voi, makanika aliinama chini ya injini akakuta unyevu. Bomba la mpira la chini ya radieta lilikuwa limepasuka kidogo, mahali pasipoonekana kwa urahisi. Tulipotoka Mombasa lilikuwa kavu. Joto na mlima ndivyo vilivyolitoboa. Voi ni mji, duka la spea lilikuwa wazi, na fundi alikuwapo. Likabadilishwa mchana kweupe kwa pesa za ile akiba, hakuna aliyeomba mkopo. Sasa fikirini ufa huo ukifunguka saa saba usiku katikati ya Tsavo, gari limejaa mizigo ya watu na dereva anajisukuma afike. Injini ingekauka. Injini moja ikiungua ni akiba ya kikundi kizima imekwenda moshi, pamoja na imani ya wanachama, ambayo haiuzwi dukani.

Wahenga walisema, kawia ufike. Vitanda vya Mombasa, Voi na Kibwezi tulivilipa, na hatujutii hata kimoja. Wale walionuna ndio leo wanaosomba ndengu zao kwa gari hilo.

Tunawaomba, mkirudi kwenye vikundi vyenu, kabla ya kumlipa mtu yeyote chukueni karatasi moja. Andikeni siku, vituo, atakayeendesha, atakayebeba pesa, atakayepokea simu, na kiasi cha akiba. Someni mbele ya wanachama wote, wapige kura. Nafasi moja kwenye karatasi ikibaki tupu, pesa zingoje benki.

Kama kuna maswali, tuko hapa.