Nyonga Iliyovunjika Haingoji



Askari aliye zamu mbali na kwao anapoletewa habari kutoka Gisenyi kwamba mama yake mzee ameteleza uani, ameanguka juu ya mawe ya volkeno na hawezi kuinua mguu, jamaa humwuliza neno moja: apelekwe kwa mwunga mifupa, au akapasuliwe?

Jibu la matabibu ni kwamba, kwa wazee walio wengi, hiyo ni kazi ya mpasuaji, tena mapema. Hapo zamani mzee wa namna hii alilazwa chali majuma mengi, mguu wake ukivutwa kwa uzito. Huenda mfupa uliunga, lakini kitanda kilileta vidonda, homa ya mapafu na damu kuganda mishipani. Wengi waliponzwa na kitanda kuliko mfupa wenyewe.

Upasuaji nao si wa aina moja. Shingo ya mfupa wa paja ikipata ufa bila kuhama, skrubu huweza kuishika. Ikivunjika na kuhama, mishipa inayokilisha damu kichwa cha mfupa mara nyingi hukatika, na skrubu haziwezi kukirudishia uhai. Ndipo kichwa hicho hutolewa, kikawekwa cha chuma. Hicho ni nusu ya kiungo. Kikiongezwa na kikombe chake, huwa kiungo kizima. Mfupa ukivunjika chini ya shingo, hufungwa kwa bamba na skrubu, au kwa chuma kirefu kipitishwacho ndani yake.

Je, kiungo kizima, kilicho ghali zaidi, ndicho bora? Utafiti uliotangazwa mwaka 2019, wa wagonjwa wapatao 1,500 katika nchi 10, ulionyesha kwamba katika miaka 2 waliolazimika kutibiwa tena nyonga ileile walikaribiana: 7.9 kwa mia kwa kiungo kizima, na 8.3 kwa nusu. Waliopata kizima walizidi kidogo tu katika kutembea. Basi jamaa wasimweke mzee kitandani wakichanga fedha za chuma cha bei kubwa, hali nusu ya kiungo ingemwinua.

Kutoka Gisenyi hadi Kigali ni mwendo wa kilomita zipatazo 150, na huenda rufaa ikamfikisha huko. Hospitali ya jeshi iliyoko Kanombe hupokea raia pia. Kwa hiyo saa za mwanzo zisipotezwe. Mguu usivutwe wala usikandwe. Miguu miwili ifungwe pamoja, kitambaa laini kikiwa katikati, mgonjwa abebwe kwa machela, na bima yake ya mituweli isisahaulike. Akishapasuliwa, asaidiwe kuketi na kusimama mara daktari anaporuhusu, hata kesho yake.

Askari amefunzwa kumbeba mwenziwe aliyejeruhiwa bila kungoja kupambazuke. Mama aliyembeba yeye mgongoni anastahili haraka hiyohiyo.