Tuambiwe Bei ya Kuchaji Gari Nyumbani

Wasikilizaji, bei kikomo za mafuta za mwezi huu mmeshazisikia. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, sheli zinabadilisha vibao, na vijiweni mjadala ni mmoja: imepanda ngapi, imeshuka ngapi. Hatutarudia tarakimu hizo. Meza hii ina kero na bei nyingine, ambayo haitangazwi Jumatano wala siku nyingine yoyote. Ni bei ya kuchaji gari nyumbani.

Petroli ikipanda, wenye yadi za magari hupata la kusema. Siku hizi zinaingia haibridi za kuchaji zilizotumika Japani, na muuzaji ana wimbo wake: "Bosi, hili unachomeka usiku, asubuhi unaondoka, mafuta utayasahau." Mnunuzi anauliza linakula lita ngapi. Haulizi linakula uniti ngapi. Na akiuliza, nani atamjibu? Kwenye sheli kuna kibao kikubwa barabarani. Kwenye soketi ya sebuleni kibao kiko wapi?

Basi tupige hesabu wenyewe. Chukua Mitsubishi Outlander ya kuchaji, zile za awali zenye betri ya kilowati-saa 12. Gari lenyewe haliruhusu betri kukauka kabisa, kwa hiyo kulijaza usiku mmoja kunavuta kama kilowati-saa 10, yaani uniti 10, kutoka ukutani, pamoja na umeme unaopotea njiani kwa joto. Uniti hizo 10 zinakupa kilomita 35 hivi. Ukiwa kwenye tarifu ya T1, ya matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi, na ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, unafika shilingi 356. Kuchaji mara moja ni shilingi 3,560. Gari hilo hilo likienda kwa petroli, kilomita 35 zinataka lita tatu na ushee. Weka lita kwa shilingi 2,800 ya kukadiria, umeshapita 8,400. Umeme umeshinda, tena kwa mbali. Hilo hatubishi.

Tunachobisha ni mtu kutoambiwa. Kwa sababu kuna nyumba nyingine, mtaa huo huo, nguzo hiyo hiyo, ambako uniti ni shilingi 100, na pamoja na kodi 122. Hiyo ndiyo D1, tarifu ya mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Utaratibu huo umo kwenye agizo la bei la mwaka 2016, na nia yake ni njema. Lakini D1 haina ubavu wa kubeba gari. Uniti 10 kila usiku, usiku wa nane umeshavuka 75. Kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350 kabla ya kodi, na ukiendelea hivyo unahamishiwa T1. Ukishahamishwa, si gari peke yake linalolipa 356. Friji inalipa 356. Taa zinalipa 356. Pasi inalipa 356. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60 kwa shilingi 7,320, uniti zile zile 60 sasa ni shilingi 21,360, na hapo gari bado hatujalihesabu. Muuzaji wa yadi hakukwambia hilo. Na mtoa huduma je, alikwambia?

Mtasema mwenye Outlander hana haja na tarifu ya mnyonge. Sawa. Lakini jijini Dar es Salaam bajaji za umeme zipo, pikipiki za umeme zipo, na baadhi ya wenye navyo ni wapangaji. Tuseme nyumba ina wapangaji sita, mita ya LUKU, ya kulipia kabla ya kutumia, ni moja, umeme unachangwa kwa kichwa. Mmoja ameleta bajaji ya kuchaji. Tarehe ishirini umeme umekatika, na mama wa chumba cha mwisho amesimama mlangoni: "Mwanangu, mimi nina taa mbili na redio, nalipia chombo chako kwa lipi?" Mjibuni. Kwa sababu mita haijui kutenga uniti za bajaji na za redio ya mama.

Halafu tuangalie ujumbe wa LUKU, jambo ambalo meza hii imelisema, inalisema, na italisema tena. Umenunua umeme wa shilingi 10,000 kwenye T1. Zinakuja tarakimu ishirini za kuingiza kwenye mita, VAT, REA, EWURA, na uniti 28. Mwezi ukianza, nunua tena kwa 10,000 hiyo hiyo: uniti hazifiki 24. Shilingi 1,500 za kodi ya jengo zimeondoka kwanza. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, anayeingiza tarakimu ni mpangaji! Ujumbe huo una nafasi ya kila mkato, lakini hauna nafasi ya mstari mmoja unaosema: uko tarifu gani, umebakiza uniti ngapi kabla ya kuvuka 75. Mstari mmoja tu. Tuambiwe.

Na saa za usiku je? Kenya ilitangaza tarifu ya usafiri wa umeme mwaka 2023: shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na saa ambazo mahitaji ni madogo, shilingi 8. Nusu bei, kwa mita yake ya peke yake. Sisi tuna Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115. Saa nane usiku watu wamelala, viwanda vingi vimenyamaza, na anayechaji gari saa hiyo analipa sawasawa na anayechaji saa mbili usiku, wakati kila nyumba inapika, inapiga pasi na kutazama taarifa ya habari. Tumtie moyo achaji saa nane kwa lipi?

Wenye magari nao wasikie. Waya uliokuja na gari kutoka Japani una plagi isiyoingia kwenye soketi zetu za pini tatu bapa. Msiunge kwa ekstensheni ya mtaani. Mzigo huo ni sawa na pasi mbili tatu zilizowashwa kwa saa kadhaa mfululizo. Fundi aliyesajiliwa apitishe waya mnene, na swichi yake ya kukata umeme.

Kwa mamlaka, ombi letu si kubwa. Wekeni tarifu ya kuchaji. Wekeni mita ya pili kwa anayeitaka, ili friji ya nyumba isilipie gari. Wekeni bei ya usiku. Na iandikeni kwa Kiswahili, kwa shilingi, ukutani na kwenye simu, kama inavyoandikwa ya petroli.

Nanyi wasikilizaji, acheni kunung'unika vijiweni! EWURA inapoitisha mkutano wa taftishi, wa kukusanya maoni ya watu, kuhusu bei za umeme, viti vingi hujaa maofisa na mawakili. Nendeni! Baraza la watumiaji, EWURA CCC, lipo kwa ajili yenu. Lipelekeeni malalamiko kwa maandishi, na ambatanisheni ujumbe wenu wa LUKU. Mpangaji aende, mwenye bajaji aende, mama mwenye taa mbili na redio aende. Na unayekwenda yadi wiki hii, kabla hujatoa hata shilingi, fungua simu, tazama uniti ulizotumia mwezi uliopita, kisha ongeza 10 kwa kila usiku utakaochaji. Usipofanya hesabu hiyo leo, LUKU itakufanyia.