Saa sita za mutoto: hotuba yetu kwa vijana wa Musumba

Wandugu vijana wa Musumba, na ninyi mulioacha kazi yenu ku Kolwezi na ku Fungurume, mukapiga ile njia mubaya yote mpaka hapa! Wazee wetu muliokubali kukaa na sisi, tunawapa heshima, na tunawaomba mutusikilize kama vile munasikilizaka watoto wenu.

Leo hatukuje kuongea juu ya uchaguzi, wala juu ya bei ya kobalti. Tumekuja kuongea juu ya saa sita tu: kutoka saa sita ya mchana, wakati mutoto anatoka ku masomo, mpaka saa kumi na mbili, wakati giza inaingia. Tunauliza: mutoto ambaye hana nyumba ya kweli, hizo saa anazipitisha wapi?

Jina Musumba lenyewe linafundisha. Kwa Walunda, musumba ni makao ya Mwant Yav, na zamani kila mufalme mupya alijenga musumba wake fasi ingine. Basi kuhama si jambo geni kwetu. Lakini kuko kuhama kwa kupanga, na kuko kuhama kwa kusukumwa. Mwenye kupanga anajua anaenda wapi. Mwenye kusukumwa anabeba godoro, sufuria na watoto, anaenda kuomba fasi kwa watu.

Mu Lualaba tunajua vizuri hiyo ya pili. Mu mwaka wa 1993, jamaa za Wakasai zilifukuzwa, zikalala ku stesheni ya Kolwezi sawa vile ku ile ya Likasi, zikingoja treni ambayo haifiki. Watoto walikuwa mule ndani. Mu mwaka wa 2014 hivi, mu Kasulo, mutu alichimba mu kiwanja chake akakuta kobalti, na muda kidogo watu wakachimba mpaka chini ya sakafu za nyumba. Mu 2017 sehemu ya Kasulo ikafungwa kwa ukuta, jamaa zikahamishwa: wengine walichukua falanga, wengine walipelekwa Samukinda. Mu mwezi wa 9 mwaka 2023, Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la hapa kwetu, walitoa ripoti juu ya watu wanaoondolewa mu manyumba sababu ya migodi, Cité Gécamines pia ndani. Ripoti ilisema wazi: wengi hawakuulizwa vizuri, na malipo hayakutosha kununua nyumba kama ile waliyoacha.

Kisha malipo kuisha, jamaa inaishi wapi? Ku salo ya tantine, watu munane mu chumba kimoja. Chini ya bashi. Mu nyumba ambayo haijaezekwa. Hiyo njo tunaita makao ya haraka, na tunajua namna haraka hiyo inachukua miaka.

Sasa mutafute kule fasi ya kuandika devoir. Haiko. Meza haiko, taa haiko, na mama anasema, «Toka inje, mudogo wako analala.» Mutoto anatoka. Inje kuko nini? Kuko mutaa, na nyuma ya mutaa kuko mawe ya kuokota na kuosha. Mu 2014 UNICEF ilihesabu watoto karibu 40.000 waliokuwa wakitumika mu migodi ya kusini ya Kongo. Tusidanganyane kwamba wote walikimbia masomo. Wengi wanasoma asubui, wanaosha mawe mchana. Mutoto hafiki ku mawe kwa siku moja. Anafika pole pole, mchana moja kisha mwingine, juu hakuna mutu alimupa fasi ingine ya kuenda.

Toka 2019 serikali inasema masomo ya msingi ni bule, kama katiba inavyoomba ku kifungu cha 43. Ni vizuri, na tutaendelea kuilinda. Lakini bule inaishia ku kengele ya saa sita. Nyuma ya kengele, kila kitu kina bei.

Ndiyo maana tunataka mchana tatu kila juma, bule, kwa watoto wa makao ya haraka na kwa majirani wao. Majirani pia, juu tukiita wale wa bashi peke yao, tutawapiga alama ku uso. Siku moja ni ya devoir na kusoma, pamoja na mwalimu mumoja na wanafunzi wakubwa. Siku ya pili ni ya mupira na nzango, wasichana na wavulana. Siku ya tatu ni ya hadithi, teatri na ngoma, na tutaalika wazee waje kufundisha Kilunda, Kisanga, Kindembo, Kiluba, kila luga yenye mutoto amebeba kutoka kwao.

Na bule iwe bule ya kweli. Haiko mia tano ya karatasi, haiko viatu vya lazima, haiko «leta baba yako kwanza». Bei hata ndogo inafukuza wale wale tunaotafuta. Mutoto ambaye hasomi naye aingie. Na mutu asiulize kabila. Wale waliolala ku stesheni mu 1993 walianza kwa kuulizwa hilo swali.

Tunajua kuko wenye watasema: «Watoto wanataka bukari, ninyi munaleta mupira!» Wako na haki nusu. Mutoto mwenye njaa hachezi, njo maana sufuria ya uji ni sehemu ya kazi. Lakini mutoto aliyeona nyumba yao ikibomolewa anahitaji pia fasi moja ambayo inabaki pale pale, siku ile ile, saa ile ile, na mutu mukubwa anayejua jina lake. Kongo ilikubali Mapatano ya Haki za Mutoto mu 1990, na kifungu cha 31 kinasema kucheza na kupumzika ni haki. Hakikusema ni zawadi ya Noeli.

Nani atalipa? Hatutaki kuomba-omba. Sheria ya migodi ya 2018 inaagiza kampuni itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii za pale inapochimba. Inaagiza tena kwamba 15% ya ushuru wa madini iende kwa komini, sekta na sheferi za fasi hiyo. Mu Kolwezi komini ni mbili tu, Dilala na Manika. Kuingia mule na kuuliza kwa adabu, «Watoto wako ku mustari gani wa bajeti?», si makosa. Ni kazi ya raia. Balo, daftari na uji wa mchana tatu si muzigo kwa udongo unaotajirisha dunia.

Kwa sasa hatuna chumba. Mukubwa mumoja wa masomo fulani alitaka tulipe pembeni, bila karatasi, ili afungue kalasi mbili za mchana. Tulikataa, tukaandika barua, tukaweka kopi. Tutaanza chini ya muembe. Lakini mvua ya mwezi wa 11 haingojei jibu la barua, na mutoto ukimurudisha inje mara mbili, ya tatu hatakuja. Hiyo njo hatari yetu: kuahidi, kisha kuvunja. Hawa watoto wamekwisha kuvunjiwa ya kutosha.

Basi tunaagana hivi. Kwanza, kila kikundi kiandike majina ya watu kumi wanaoweza kutoa mchana moja kila juma, mwaka muzima. Asiyeweza aseme mapema, hakuna atamuchekelea. Pili, watu wakubwa wawe wawili kila mara, hakuna mutoto kubaki na mumoja peke yake, na wote wafike kwao mbele ya giza. Tatu, hakuna picha ya mutoto ku Fesibuki, hakuna tisheti ya chama, hakuna mwanasiasa kuja kugawa biskuti mbele ya kamera. Ine, barua ya kuomba chumba na bajeti iende ku komini na ku sheferi juma hili, na sahihi zetu zote.

Wazazi, mutupe watoto. Walimu, mutupe funguo. Wakubwa wa inchi, mutupe jibu. Sisi tutatoa mchana zetu.