MARADHI HAYANGOJI MSIMU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Mimi ni mwenye duka, na daftari la mikopo limenifunza mengi juu ya maradhi. Tazameni ng'ambo ya bahari, katika uwanda wa Wamakonde, Newala, na kule Masasi. Mkulima wa huko hushika fedha mara moja kwa mwaka, korosho zinapoanza kuuzwa mwezi wa Oktoba. Lakini mwanawe hushikwa na malaria wakati wa mvua, Februari au Machi, siku ambazo hata kibaba cha unga ni cha kukopa.

Hapo ndipo mnunuzi wa kangomba anapobisha hodi. Hutoa fedha taslimu kwa korosho ambazo mti haujatoa hata maua, na kwa bei ambayo mwenye shamba asingeikubali lau si mgonjwa aliyelala ndani. (Ninyi wenye mikarafuu hamhitaji tafsiri.) Serikali imeipiga marufuku kangomba, marufuku haimtibu mtoto. Tajiri akiugua hulipa akasahau. Fukara hulipa kwa mavuno yasiyokuwapo, na msimu ukifika huvuna mali ya mtu.

Tangu 1993 mgonjwa wa Bara huchangia gharama katika hospitali za serikali. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga mwaka 1996, na sheria ya bima ya afya kwa wote ikapitishwa 2023. Vema. Lakini mchango wa mkulima utadaiwa mwezi gani? Ukidaiwa Machi, wallahi, ataukopa kwa yule yule wa kangomba. Na udaiwe siku anapolipwa korosho zake.