Stakabadhi ni Shahidi: Tuzielewe Sheria za Maegesho Mjini

(Mazungumzo na viongozi wa walei, Mnyuzi)



Pengine mtajiuliza Tume ya Haki na Amani inatafuta nini katika maegesho ya magari, tena hapa Mnyuzi, ambapo gari huachwa chini ya mwembe na hakuna wa kuuliza. Wazee wetu walikwenda Tanga kwa garimoshi, na aliyeshuka stesheni hakuwa na chombo cha kuegesha. Leo twaenda kwa pikapu na pikipiki. Tumebeba machungwa, tumebeba mahindi, na mara nyingine tumebeba mgonjwa. Tukifika mjini, mtu wa kwanza kutukabili ni mtoza ushuru.

Tuanze kwa kuungama. Tulikodi pikapu kumpeleka mgonjwa wetu mjini, tukaiegesha kando ya barabara. Tuliporudi, kijana aliyevaa kizibao alitudai shilingi 3,000. Tulipoomba stakabadhi, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba bila stakabadhi 2,000 zingetosha. Tukampa, tukaondoka tukimsifu kwa huruma yake. Baada ya wiki kadhaa mwenye gari alitujia amekasirika: gari lake lilikuwa na deni la maegesho la siku ile ile, pamoja na nyongeza ya kuchelewa. Mama wa mgonjwa, aliyetoa zile 2,000 kutoka katika fedha za dawa, ndiye aliyeombwa kulipa tena. Tulimlaumu yule kijana. Lakini kwa kweli tulikuwa tumenunua udanganyifu kwa bei nafuu, na gharama yake ikamwangukia aliye dhaifu kuliko sisi sote.

Ushuru huu unatoka wapi?

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 138, inakataza kodi ya aina yoyote kutozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo si kizibao kinachompa mtu haki ya kudai fedha, wala si kitabu cha risiti mkononi. Ni sheria. Sheria za Serikali za Mitaa, Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982, huziruhusu halmashauri za wilaya na za miji kutunga sheria ndogo. Sheria ndogo haizaliwi usiku mmoja. Halmashauri hutangaza kusudio lake, wakazi hupewa nafasi ya kutoa maoni na pingamizi, madiwani hujadili, Waziri huridhia, ndipo hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Basi kila mara tunapokataa kwenda kwenye mkutano wa hadhara, tunaacha nafasi yetu wazi.

Mwaka 2017 Serikali iliunda Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, nao ukakabidhiwa pia ukusanyaji wa ushuru wa maegesho ya kando ya barabara. Mwaka 2021 wakala huo ulianza kutumia mfumo wa kielektroniki: mkusanyaji huandika namba ya gari katika mashine, deni hubaki kwenye namba hiyo, na dereva hulipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroo namba. Malalamiko yalikuwa mengi, hasa ya watu waliokuta deni wasilolijua. Hapo ndipo tulipoponzwa sisi: gari letu lilikuwa limekwisha kuandikwa, na fedha tuliyotoa haikufika popote.

Mambo manne ya kuuliza

La kwanza: je, hapa panaruhusiwa kuegesha? Hakuna malipo yanayohalalisha kuziba lango la hospitali, kivuko cha waendao kwa miguu, au njia ya gari la wagonjwa. La pili: kiwango ni kiasi gani, na ni kwa saa au kwa siku? Viwango hutofautiana mji kwa mji, usikisie. La tatu: nani anayetoza, na kitambulisho chake kiko wapi? La nne: namba ya kumbukumbu iko wapi, na stakabadhi iko wapi? Ukikosa jibu la swali hili la nne, usitoe fedha mkononi. Andika saa, mahali na namba ya gari, kisha uende ofisini.

Na likija deni usilolitambua, usilikimbie. Deni likikimbiwa huongezeka. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa. Nenda na stakabadhi yako. Ndiyo shahidi asiyesahau.

Wajibu wa pande mbili

Tusiseme kwamba ushuru wote ni dhuluma. Barabara ya mjini ni mali ya watu wote, na nafasi zake ni chache. Anayeegesha mbele ya duka tangu asubuhi hadi jioni amemnyima nafasi mama aliyekuja kununua dawa kwa dakika kumi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2240) inafundisha kwamba kulipa kodi ni wajibu wa dhamiri. Lakini watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasidai zaidi ya walichoagizwa. Kijana mwenye kizibao naye ni mwana wa mtu, pengine ni muumini wa jumuiya fulani. Tukimpa fedha ya siri, hatumsaidii: tunamfundisha kuiba, na kesho atamfanyia hivyo jirani yetu.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa vigango mjadili jambo hili katika jumuiya zenu. Kila safari ya pamoja ya kwenda mjini iwe na mtu mmoja wa kutunza stakabadhi, na fedha ya maegesho itengwe kabla ya kuondoka, isichukuliwe katika fedha za mgonjwa. Sisi tuliosafiri siku ile tumekwisha kumrudishia yule mama fedha zake.

Maswali kwa jumuiya

1. Ni lini tulitoa fedha bila stakabadhi, na nani aliumia kwa sababu hiyo?
2. Ni nani kati yetu aliyewahi kuisoma sheria ndogo yoyote ya halmashauri yetu?
3. Diwani akiitisha mkutano, tutamwuliza nini kuhusu ushuru tunaotozwa?